Pilipili Haipokelewi Mkononi

Kwata ndai! Mzee wangu ni mwekundu, kofia yake ni ya kijani, na kila anayembusu hulia.

Nyinyi mmeshajua, maana jibu nimeliandika pale juu. Lakini mjukuu wangu Nzula, nilipomtegea jioni ile, hakujibu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, viatu vya kazi bado viko miguuni, anaangalia jiko la makaa kama mtu anayesoma. Nzula ni wa kujibu kitendawili kabla sijakimaliza, na asipokijua hunipa mji bila aibu, vile tulivyofundishwa shuleni, kisha anaudai tena kesho yake. Siku hiyo hakunipa hata mji.

"Susu," akasema, "kesho siendi kazi."

Susu ndiyo nyanya kwetu Ukambani. Na kazi yenyewe ilikuwa kule EPZ, kwenye kiwanda cha nguo, miaka ile viwanda hivyo vilipokuwa vinaandika wasichana kwa wingi. Babake Nzula ni Muteti, kifungua mimba wangu. Aliniletea huyu mtoto hapa Kitengela kwa sababu kule Mwala mvua ilikuwa imekataa, na msichana aliyemaliza shule hawezi kukaa tu akihesabu mawingu. Nzula alishona mikono ya mashati. Mikono tu, siku nzima. Wa kola alikuwa mwingine na wa vifungo mwingine.

Nilizoea kumtania, "Na hilo shati lenyewe hujawahi kuliona?"

"Mimi naona mikono, Susu. Mwenye mikono yuko wapi, sijui."

Lakini jioni ile hapakuwa na mzaha. Wasichana wa kiwanda walikuwa wanatoka kwa miguu kabla jua halijachomoza, wanakata nyika kwa njia ya mkato, maana geti likifungwa limefungwa, na ukichelewa siku hiyo si yako. Katikati ya nyika njia inashuka kwenye korongo kavu halafu inapanda tena. Pale korongoni mtu alikuwa anawangoja. Anafunga uso kwa kitambaa, ana rungu, anachukua mikoba na simu. Polisi walipita pale siku kadhaa, na siku hizo hakuonekana. Walipoacha kupita, akarudi.

Valerie ndiye aliyeumia zaidi. Valerie alikuwa msichana wa Kijaluo aliyepanga chumba kwangu, mlango unaopakana na jikoni kwangu, na yeye na Nzula walikuwa wanatembea pamoja. Aliposhikwa mkoba hakuuachilia. Yule mtu akampiga rungu la mkono, mfupa ukalia, anasema yeye mwenyewe aliusikia kabla hajasikia uchungu wake. Akafungwa plasta kuanzia kwenye kiganja mpaka juu ya kiwiko. Mkono mmoja hausukumi kitambaa kwenye cherehani. Kiti chake kilipata mwingine wiki hiyo hiyo.

"Kama huendi kazi," nikamwambia Nzula, "utaenda wapi?"

"Nyumbani. Mwala."

"Kufanya nini?"

Akachokoa makaa. Alijua na mimi nilijua. Angeenda kukaa akingoja mtu wa kumwoa, na yeye hakuwa anataka kuolewa kwa sababu ya korongo.

Ndipo Valerie, aliyeniita Shosho kama mtaa wote unavyowaita nyanya, akiwa amesimama mlangoni akinywa uji kwa mkono wa kushoto, akasema, "Shosho, huko mjini kuna kachupa wanauza. Unampulizia mtu machoni, anaona moto. Ni pilipili tu wameweka ndani."

"Pilipili hii yetu?"

"Pilipili ni pilipili, Shosho."

Mimi niliishia darasa la saba, lakini nimepika tangu nikiwa mdogo, na hakuna mpishi asiyejua uchungu wa kujipangusa jicho na kidole kilichokata pilipili. Nikamwambia Nzula avue viatu ale. Kesho angebaki nyumbani akisema ni mgonjwa, kesho kutwa angeenda na kitu mkononi.

Asubuhi nikaenda sokoni kwa Wanjira.

Wanjira tulikuwa marafiki tangu Kitengela ikiwa maduka machache na ng'ombe wakivuka barabara ya Namanga watakavyo. Tulizika waume zetu tukisaidiana. Mume wangu Kyule alikuwa mtu wa kiwanda cha magadi kule Magadi, na alipofariki Wanjira ndiye aliyekuja kulala kwangu ili nyumba isinizidi ukubwa. Nilimwita Mama Hiram, kwa jina la kitinda mimba wake, kwa sababu ndiye mtoto aliyebaki naye. Yeye aliniita Mama Muteti.

"Nataka pilipili," nikamwambia, "lakini si hizi za kuchekesha chakula. Zile kali."

"Kuna hizi kavu za Entarara," akasema, na akafungua gunia. "Kule Loitokitok wanazipanda kando ya shamba ndovu asiingie. Ndovu mwenyewe anazikimbia, Mama Muteti. Wewe na meno yako hayo utaziweza?"

"Kwani nimesema ni zangu? Za Nzula. Ni za huyu mtu wa korongoni."

"Ai!" Wanjira akapiga makofi. "Basi chukua nyingi. Mchome huyo shetani. Hata mimi nikimpata namkaanga pamoja nazo."

Akachota konzi nzima na kuninyoshea. Nikaficha mkono nyuma.

"Weka chini," nikasema.

Kwetu pilipili haipokelewi mkononi. Mamangu alinifundisha hivyo, na mamake alimfundisha. Ukimpa mtu pilipili mkono kwa mkono, mtagombana. Unaiweka chini, kwenye sahani, kwenye jiwe, popote, na mwenzako anaiokota mwenyewe. Hivyo hakuna aliyempa mwenzake uchungu, kila mtu ameuchukua mwenyewe. Wanjira aliijua mila yangu na kila mara aliicheka.

"Wewe na mambo zako za kina Muteti! Nimekupa nyanya, nimekupa vitunguu, tumepeana hata machozi, na hatujagombana. Shika!" Akaushika mkono wangu, akaufungua kwa nguvu huku akicheka, akaujaza pilipili, akaukunja vidole kama mtu anayempa mtoto peremende.

Na mimi nikacheka. Sasa ningefanya nini, nizimwage sokoni?

Nikamuuliza habari za Hiram. Akasema Hiram siku hizi ni mtu mwingine. Aliacha kazi ya kuchimba mawe kule machimboni, lakini anaamka mapema sana kwenda kutafuta vibarua, na harudi mkono mtupu. "Kuamka kwake kumeniamsha hata mimi," akasema, na uso wake ukang'aa. Nikafurahi naye. Mama akisifu mtoto wake, unafurahi naye, hauulizi maswali.

Kutengeneza dawa ile hakukuwa rahisi kama vile Valerie alivyosema. Nilizisaga kwenye kinu na nikaanza kupiga chafya hata kabla ya unga kuonekana. Kuku walitoka jikoni wenyewe. Nikazichemsha kidogo na mafuta na siki, nikamimina kwenye chupa ya Nzula ya kupulizia nywele dawa. Tukabonyeza. Haikutoka kitu, mbegu zilikuwa zimeziba kitundu. Tukamwaga, tukachuja kwa kitambaa cha chai, tukarudia, tukachuja tena kwa soksi mpya ya Valerie.

"Hiyo soksi sitavaa tena maishani," Valerie akasema.

"Vaa siku ya baridi," Nzula akamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu jana.

Halafu mimi nikaongeza kitu. Hakuna aliyenishauri, ni kichwa changu mwenyewe. Nilisema, pilipili itamliza huyu mtu asubuhi moja, akinawa imeisha, kesho yuko sokoni ananunua mkate kando yetu na hatumjui. Nataka kitu cha kukaa. Nikachukua bizari ya manjano, ile ya kupika pilau, nikatia vijiko vya kutosha. Yeyote aliyepika na manjano anajua, nguo ikishikwa nayo unaivaa hivyo hivyo mpaka iishe. Nikajisifu kweli kweli. Nilimtegea Nzula, "Kwata ndai! Nimempaka mgeni wangu dhahabu, na hataki kuonekana nayo."

"Nakwata," akajibu. "Ni mwizi wa korongoni!"

Tukaenda kuijaribu nyuma ya nyumba, kwenye ukuta wa choo. Nikamwachia Nzula abonyeze. Upepo wa Kitengela hauna adabu, unatoka kule nyikani bila kugonga mlango, na lile wingu la manjano lilifika karibu na ukuta, likafikiria, likarudi kwetu. Tulilia sisi wawili mpaka Valerie akatuletea maji akiwa amefunga pua.

"Sasa umejifunza," nikamwambia Nzula nilipopata sauti. "Kwanza ujue upepo unatoka wapi. Akija mbele yako na upepo uko usoni mwako, usibonyeze, kimbia. Zunguka mpaka upepo uwe mgongoni. Halafu bonyeza, na usisimame kuangalia kazi yako. Hii ni ya kukupa nafasi ya kukimbia tu."

Nikaiweka chupa mezani. Sikumpa mkononi. Akaiokota mwenyewe.

Siku chache zikapita, Nzula akienda na kurudi, na mtu wa korongoni hakutokea. Nikaanza kufikiri labda amesikia.

Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa nimemaliza kukamua ng'ombe wangu, jua limetoka lakini bado halijapasha bati. Nikasikia mlango wa nyuma unasukumwa. Ni Hiram, mtoto wa Wanjira. Ameinama, amejifunika uso kwa shati, anahema.

"Shosho, nisaidie. Nyoka amenitemea."

Hapa kwetu si ajabu. Swila wako, wale wanaotema mate machoni. Mume wangu alitemewa na mmoja kule Magadi, na Mmasai mmoja aliyekuwa mlinzi pale, Lesiamon, akamwosha macho kwa maziwa ya mbuzi, na kwetu tukashika hapo hapo, nyoka akikutemea, tafuta maziwa. Hiram alikuwa ameyasikia hayo kwangu tangu akiwa mtoto akila githeri kwenye mlango huu huu. Ndiyo maana alikuja.

"Kaa hapa, baba. Usisugue! Nimesema usisugue." Nikamkalisha kwenye kigoda cha Nzula, nikamwinua kichwa, nikachukua maziwa yangu ya joto na kitambaa cheupe. Alikuwa analia vile mtoto analia, bila aibu, kamasi na machozi. "Pole. Pole, mwanangu. Fungua kidogo. Huyo nyoka alikuwa wapi?"

"Kule… kwa nyasi."

Nikamwaga maziwa jicho la kulia. Nikapangusa. Nikakunja kitambaa nitumie upande safi, nikamwaga tena, nikamaliza jicho hilo. Nikahamia la kushoto. Nikapangusa, na nilipokikunja kitambaa mara hii, mwanga wa mlangoni ukakiangukia.

Kilikuwa manjano.

Nikakaa nacho mkononi. Nikaangalia shingo yake, kola ya shati, kucha, nyusi. Nikasikia harufu, ambayo ningeisikia tangu mwanzo kama nisingekuwa na haraka ya huruma: siki na pilipili ya Entarara.

Swila hana bizari.

Hiram alikuwa bado amefumba macho, anangoja maziwa. Hakujua kwamba ninajua. Nilimwona akiwa mdogo, anakimbia na kipande cha mua. Nilimwona Valerie na plasta yake. Nikajikuta nauliza swali moja tu.

"Hiram. Ulijua kuwa ni Nzula?"

Akashika ukingo wa kigoda.

"Ilikuwa giza, Shosho. Wote wamejifunga leso. Sikujua ni nani."

Kwa hiyo kwa yule mwingine ilikuwa sawa, nikafikiri, kwa sababu ni mtu asiyemjua. Lakini sikupata muda wa kusema hilo, maana huko barabarani kelele ilikuwa imeanza. Nyinyi mnaojua Kitengela ya wakati huo mnaijua sauti hiyo. Inaanza kama watu wanaongea, halafu inakuwa sauti moja. Mwizi. Mwizi. Nikasikia pia kitu kinaviringishwa kwenye changarawe, na nilijua ni nini. Tairi. Nimeona mara moja mtu akichomwa kwa tairi, pale karibu na maduka, na tangu hapo sijaweza kusikia harufu ya mpira bila kukaa chini.

Valerie akaingia kwa mlango wa mbele, anakaribia kukimbia. "Shosho, umesikia? Nzula amempata! Amempulizia mzima mzima, amewaambia wanaume wa steji ya matatu, yeye ameendelea na kazi. Wanamtafuta nyumba kwa nyumba. Wanasema ni rahisi tu, atafutwe mtu wa uso wa manjano…"

Akafika jikoni. Akamwona.

Watu watatu, na ndoo ya maziwa. Kelele iko kwa geti la jirani. Ile manjano yangu niliyojisifu nayo ilikuwa kwenye uso wa mtoto wa rafiki yangu, na sasa niliona kazi yake. Nilidhani ninampaka mtu alama ajulikane. Kumbe nilikuwa nimemwandikia kifo, na mtu yeyote angeweza kukisoma, hata asiyejua alichofanya.

"Ni huyu?" Valerie akauliza.

"Ni huyu."

Hiram akateleza kutoka kwenye kigoda, akapiga magoti. "Sista, nisamehe. Nisamehe, wataniua."

"Usiniite sista."

Sikumwomba Valerie lolote. Ningesema nini? Mkono haukuwa wangu. Kiti kilichopotea hakikuwa changu. Nikamwambia hivyo. "Mami, ukipiga kelele sitakuziba mdomo. Wewe ndiye uliyeumizwa. Lakini ukishapiga, hatutaweza kuirudisha."

Nje mtu akagonga geti letu kwa fimbo, akauliza kama tuko wazima. Mimi sikujibu. Nilikuwa nimejifunga mdomo kungoja mtoto wa mtu mwingine aamue kama mtoto wa mtu mwingine ataishi.

"Tuko wazima!" Valerie akaita. "Endeleeni!"

Halafu akaniangalia, na macho yake hayakuwa na huruma hata kidogo, msidhani. "Wakimchoma, nani atasema ni nani alinivunja mkono? Nataka aseme kwa mdomo wake. Mbele ya afisa, iandikwe, ajibu. Akishakuwa majivu hatanijibu kitu."

Akachukua leso yangu iliyokuwa kwenye kamba, ile nzito ya kwenda mazishini, akairusha juu ya kichwa cha Hiram kwa mkono wake mzima.

"Inama," akamwambia. "Inama kama mgonjwa. Na ukikimbia, mimi ndiye nitapiga kelele ya kwanza."

Tukatoka kwa geti la mbele. Mimi namshika kulia, Valerie na plasta yake kushoto, katikati Hiram kama mzee, amefunikwa leso, anakokota miguu. Kituo cha polisi kilikuwa ng'ambo ya soko. Vijana wenye fimbo wakatupisha. Mmoja, ninayemjua, mtoto wa fundi viatu, akauliza, "Shosho, mnampeleka nani?"

"Mgonjwa wa macho," nikasema. Wala haikuwa uongo.

"Pole. Mkimwona yule wa manjano mtuite."

"Haya."

Tairi lilikuwa limelazwa kando ya barabara, linangoja kama mbwa. Chini ya leso nilisikia Hiram anasema jina la mamake, polepole, tena na tena.

Na njia ya kwenda kituoni inapita kwenye kibanda cha mamake. Hakuna nyingine.

Wanjira alikuwa anapanga nyanya. Aliniona, akainua mkono anisalimu, kisha akaona mzigo wetu. Kwanza alikuwa na uso wa pole. Halafu akaangalia chini. Leso yangu ilifika kwenye magoti tu, na viatu alivyovaa Hiram alimnunulia yeye mwenyewe, Krismasi, viatu vyeusi vyenye uzi mweupe kwenye soli. Na juu ya viatu, pindo la suruali lilikuwa limechuruzikiwa manjano.

Alikuwa amesikia kelele tangu ilipoanza. Alikuwa amepiga kelele pamoja nao, waliniambia baadaye.

Wanjira aliweka chini nyanya aliyoshika. Alitoka nyuma ya nyanya zake akaziacha wazi, akaja, akamwondoa Valerie taratibu kama mtu anayeomba kiti, akamshika mtoto wake mkono wa kushoto. Valerie akatangulia mbele yetu. Tukaenda hivyo mpaka mlangoni kwa polisi, na Wanjira hakuniangalia hata mara moja.

Pale ndani Hiram alisema yote. Valerie alisimama mbele yake mpaka akamaliza.

Jioni Nzula alirudi kama mtu aliyeshinda vita, halafu akasikia. Akageuka moto.

"Ulimwosha macho? Na maziwa? Maziwa yangu ya chai?"

"Nilidhani ni nyoka."

"Na ulipojua si nyoka?"

"Nilikuwa nimefika jicho la pili, Nzula. Ningemwachia moja?"

Alitaka kubaki na hasira, lakini mdomo ukamsaliti, akatabasamu, kisha akalia kidogo. Akaniambia vile ilivyokuwa: mtu ameruka mbele yake, upepo uko usoni mwake, akakumbuka, akakimbia upande, yule mtu akamfuata, na sasa upepo uko mgongoni. Akabonyeza. Hakusimama kuangalia kazi yake. "Nilipita steji nikawaambia, nikakimbia mpaka geti, Susu. Nikashona mikono siku nzima, miwili nikaishona ndani nje."

Nikamtengenezea chupa nyingine, maana nyika ilikuwa bado pale. Alipoona sijatia bizari akauliza kwa nini.

"Pilipili ni ya kukimbia," nikamwambia. "Manjano ilikuwa ya kuwinda. Mimi si mwindaji."

Kesi ilisikizwa Kajiado. Valerie alitoa ushahidi akiwa na mkono uliopona lakini haunyooki sawasawa, na aliporudi alisema amelala usingizi mzima kwa mara ya kwanza. Baadaye alipata kazi ya kupima vitambaa, siyo kushona. Hiram alifungwa. Kwenye veranda ya korti, Wanjira alinifuata, na yale maneno aliyoniwekea tangu siku ile akayatoa.

"Ungemfungulia mlango wa nyuma, Mama Muteti. Sikuulizi kingine. Mlango wa nyuma tu, aende zake."

Kwa mlango wa nyuma kulikuwa na tairi, na baada ya tairi, kulikuwa na korongo tena na msichana mwingine. Lakini hayo yote yana akili, na mama hakuwa anauliza akili.

"Na pilipili ilikuwa yangu," akasema. "Nilikupa na huu mkono. Ulinikataza, mimi nikakulazimisha." Akauangalia mkono wake kama umemtenda. Halafu akashuka ngazi.

Tangu siku hiyo nilinunua mboga upande wa pili wa soko, kwa mama nisiyemjua, anayeuza nyanya zilizoiva kupita kiasi. Nilipita njia ndefu kwenda kanisani. Tukikutana, mmoja wetu alikuwa na jambo la kuangalia upande mwingine. Miaka yote ya urafiki, na kumbe mdomo ukifungwa unaweza kukaa hivyo, haufi kwa njaa.

Mvua za vuli zikaja, zikaisha. Asubuhi moja, sijui ni kitu gani, miguu ilinipeleka kibandani kwake. Alikuwa amekonda. Akaniuliza nataka nini kama mtu anayemuuliza mpita njia, nikataja nyanya, nikataja dania. Akanipimia. Akaninyoshea mkononi, nikapokea.

"Macho yake?" nikauliza.

Akawa anapangusa kitunguu ambacho hakikuwa na uchafu.

"Anaona," akasema. "Nilienda kumwona Jumamosi. Anaona vizuri. Daktari wa gerezani alimwambia, aliyekuosha alikuosha mapema."

Nikaonyesha gunia la pilipili kwa kidole.

Wanjira akachota. Mkono wake ukaja kwangu, umejaa, vile siku ile. Na mimi safari hii sikuuficha wangu nyuma, niliunyosha. Kama ni ugomvi, ulikuwa umeshatumaliza, na ningepokea lolote kutoka kwake.

Lakini mkono wake ukasimama katikati. Akaurudisha. Akatandaza kipande cha gazeti juu ya gunia, akakinyoosha pembe zake vizuri, akaziweka pale zile pilipili, zote, bila kudondosha hata moja. Halafu akavuta mkono wake nyuma na kuangalia kando, kama vile nilivyomfundisha miaka yote akicheka.

"Chukua, Mama Muteti," akasema.

Nikainama, nikaziokota moja moja.